Miwani ya Kuonea Mbele Ukiwa Umeinama

Baba yangu,

Salamu nitaiweka mwisho wa barua hii. Usinione nimekosa adabu, maana unajua ulivyonilea. Leo salamu ina kazi yake, na ukifika chini utaiona. Kwanza nina swali ambalo nimelibeba tangu ile siku ya Tingi, nikashindwa kukuuliza ukiwa hai: uliniona, au hukuniona?

Kilichonirudisha kwenye swali hili ni miwani.

Wiki iliyopita, hapa kibandani kwangu Nangurukuru, alifika dada mmoja juu ya baiskeli. Anaitwa Neema, kwao Mwanza, anashindana mbio za baiskeli, na safari hii alikuwa ametoka Dar es Salaam anakwenda Mtwara kwa kukanyaga. Aliagiza wali na samaki, akasema atapumzika mpaka jua lipungue makali. Akavua miwani yake akaiweka mezani karibu na chupa ya pilipili. Baba, unanijua. Mimi na kitu nisichokijua hatuwezi kukaa meza moja kwa amani.

Ilikuwa miwani nzito. Mahali pa vioo vya kawaida palikuwa na vipande viwili vya kioo kinene, vimekatwa mshazari kama sabuni ya mche iliyokatwa na mtu mwenye haraka.

"Hii ya kusomea?" nikamuuliza.

"Ya kuendeshea, dada. Ukijilaza hivi," akalaza kifua mezani, sahani nusura imwagike, "uso unatazama tairi, lakini macho yanaona barabara ya mbele. Kioo kinaipinda njia ya macho. Shingo inapumzika."

"Na tairi?"

"Tairi huioni."

"Na shimo je?"

"Unaliona likiwa bado mbali. Likifika chini yako umeshalikwepa."

"Na mtu akitaka kuona miguu yake mwenyewe?"

Akacheka. "Dada, maswali yako mengi kuliko wali ulionipa."

Nikamwongezea wali, nikaivaa. Nikainamisha uso kuelekea birika, nikaona wateja wa meza ya mlangoni. Nikamimina chai kwa kukisia, ikaenda yote mezani. Wakacheka wote, na mimi nikacheka, lakini moyoni nilikuwa nimeshafika mbali. Nilikuwa nakuwaza wewe na shingo yako.

Unaikumbuka siku ulipoileta ile baiskeli nyumbani Kikole? Barabara ya lami ilikuwa inajengwa, na yule mpimaji wa barabara uliyekuwa unambebea vyombo vyake alipoondoka akakuachia. Usukani umepinda chini kama pembe za kondoo dume, tairi nyembamba mpaka Mama akauliza kama zimekonda kwa ugonjwa. Wenzako waliopata baiskeli za namna hiyo walipeleka kwa fundi, usukani ukageuzwa juu, wakaendesha wamekaa kama watu. Wewe ukakataa. "Imeumbwa hivi," ulisema, "mimi ni nani niipindue?" Basi ikakupinda wewe.

Ulikuwa mwepesi, hilo halina ubishi. Kabla simu hazijaingia kwetu, mtu akifiwa Kikole na ndugu zake wako Tingi, aliyetumwa ni wewe. Harusi, msiba, mgonjwa kuzidiwa, watu walisema "mwiteni Baba Somoe," na wewe unaliacha jembe kwenye ufuta, unajilaza juu ya usukani, umeondoka. Nilijivuna sana. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba gari la mwalimu mkuu halikuwezi.

Lakini shingo ilikudai. Kulala kifudifudi namna ile na kuinua kichwa ili uone mbele, kilomita kwa kilomita, mwaka baada ya mwaka, kunataka shingo ya kobe, na wewe hukupewa. Jioni Mama alipasha mafuta ya ufuta akakukanda, ukawa unasema "hapo, hapo" na huku unagugumia. Mwishoni hata kwenye sala, ukitoa salamu ya kumalizia, ulikuwa unageuza mwili mzima kulia na kushoto, kichwa peke yake hakigeuki. Nikiwa nyuma yako na Mama kwenye mkeka nilikuwa naumia kukutazama. Hatukujua la kufanya zaidi ya kukanda.

Hapo ndipo ulipoanza kuendesha umeangusha uso. Unainua mara moja, unaipima njia, unaushusha tena. Watu wakaanza kunong'ona kwamba Baba Somoe siku hizi ana maringo, hatazami watu. Kisha wakaona ajabu, na mimi nikaiona: uso uko chini, lakini unawataja kwa majina! "Bi Fatu, hujambo!" "Mzee Chande, shikamoo!" Hukosei. Watoto tulisema una jicho utosini. Zuhura, binti wa jirani, aliapa kwamba ni dua uliyosomewa. Mimi nilikuuliza mwenyewe, si mara moja, ukanijibu, "Mtu mzima hahitaji kutazama ili ajue." Nikaamini. Na kuamini huko ndiko kulikokuja kuniponza.

Sasa nifike Tingi, maana nimezunguka vya kutosha.

Ndoa uliyonichagulia haikumaliza msimu mmoja wa ufuta. Sitaeleza tena kwa nini, Mama alikueleza. Niliondoka kwa yule mume asubuhi, mikono mitupu, na kandambili zangu zikakatikia njiani, nikafika kwa mama mdogo pale Tingi miguu ina damu. Hakuniuliza kitu. Akanipa viatu vyake, vile vyeusi vya kufunika alivyokuwa anavaa kwenda mjini, na kanga yake ya kujifunga. Nikakaa nikikusubiri. Nilijua ukisikia utakuja. Siku zikapita, wiki ikaisha, hukuja, nami nikaanza kuona aibu, kisha aibu ikageuka hasira, kama ilivyo desturi yake kwangu.

Siku hiyo nilikuwa nimesimama kando ya barabara nikakuona unakuja. Mbali hivi nikakujua, nani mwingine aliyekuwa analala juu ya baiskeli kama ngozi ya mbuzi juani? Moyo ukaniruka. Nikajiambia nisiseme neno, nimwache yeye anitaje. Ananijua. Anawajua wote, atashindwa kunijua mimi? Ataniita Somoe, nami nitalia, na mambo yataisha.

Ukapunguza mwendo. Hukuinua uso. Ukasema, "Shemeji! Hamjambo huko nyumbani?"

Shemeji! Baba, nilihisi nimepigwa kofi. Nilijua umeniona, kwa sababu wewe hukuwa mtu wa kukosea. Nikaona umechagua kuniita jina la mama mdogo ili nijue kwamba mimi si binti yako tena, nimeacha mume uliyenipa basi na ubini nimeuacha. Nikafunga mdomo. Ulisimamisha miguu kidogo, baiskeli ikawa inateleza polepole kwa mlio ule wa mnyororo wake, kama unangoja kitu. Kisha ukakanyaga, ukaondoka.

Mwaka mzima sikukanyaga Kikole. Niliporudi ni kwa sababu Mama aliumwa. Nilikusalimia, ukaitikia, ukaniuliza kama nimekula. Tangu siku hiyo mpaka tunakuzika tulisemezana vizuri, lakini mimi nilikuwa na chumba kimoja moyoni nimekifunga, na ufunguo nimeukalia. Baada ya arobaini yako, nilipoomba baiskeli badala ya kitu kingine, Mama alidhani ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi, lakini pia nilikuwa na kesi nayo.

Basi nikamwambia Neema, "Njoo nyuma ya kibanda nikuonyeshe kitu."

Alipoiona baiskeli yako akaishika kama mtu aliyekutana na ndugu. Akaingiza upepo kwa pampu yake, akatia mafuta mnyororo. "Mwenyewe alikuwa analala chini sana," akasema, akionyesha jinsi raba za usukani zilivyolika sehemu ya chini tu. "Shingo yake ilikuwaje?"

"Ilikufa kabla yake," nikamjibu.

Kisha nikafanya jambo ambalo Nangurukuru wataliongelea mpaka mvua za masika. Nikapandisha dera, nikajilaza juu ya usukani wako, Neema akashika tandiko, tukaenda taratibu kwenye njia ya vumbi pembeni ya vibanda. Miwani sikuivaa kwanza. Nilitaka nione ulivyokuwa unaona wewe. Nikainua kichwa, na kabla sijamaliza vibanda vitatu shingo ikaanza kuwaka. Nikakishusha.

Unajua nilichoona? Tairi, vumbi, na upande wa njia, miguu. Miguu tu, Baba, mpaka kwenye pindo la nguo, kisha dunia imekwisha. Na mbele yangu ikaja miguu miwili yenye visigino vilivyopasuka, kandambili moja ya bluu na nyingine nyekundu. Hata sikufikiri. "Bi Mwajuma, shikamoo!" nikasema.

"Marahaba!" akajibu muuza mandazi wetu, nikasikia sinia lake likitikisika. "Haya, umejuaje ni mimi, na kichwa umekiangusha hivyo?"

Nilisimamisha baiskeli. Neema akaniuliza kama nimeumia. Bi Mwajuma alikuwa ameniuliza swali lile lile ambalo kijiji kizima kilikuwa kinakuuliza wewe, na jibu nilikuwa ninalo mwenyewe, limesimama mbele yangu na kandambili zisizofanana. Hukuwa na jicho utosini wala dua. Ulijifunza miguu ya watu na viatu vyao, kimya kimya, kwa sababu shingo imekataa na salamu hukutaka kuiacha. Ukaona haya kusema kwamba ni maumivu, ukatuachia tuite muujiza.

Na siku ile ya Tingi miguu yangu ilikuwa ndani ya viatu vya mama mdogo, chini ya kanga ya mama mdogo.

Neema akanivisha miwani, akasema nijaribu tena. Nikajilaza. Uso ulikuwa chini kabisa, shingo imelegea kama ya mtoto aliyelala, na mbele yangu nikamwona Bi Mwajuma mzima, sinia kichwani, mdomo wazi kwa kunishangaa, na nyuma yake vibanda, mabasi, na barabara ya lami mpaka inakopinda. Kila uso ulionekana. Nililia ndani ya ile miwani mpaka vioo vikaingia ukungu. Kitu kidogo hivi, Baba, vipande viwili vya kioo! Ungeliona uso wangu, na nilikuwa tayari kulia hata kabla hujafika.

Jua lilipopungua Neema akavaa miwani yake akaendelea na safari. Mimi nikampigia Mama simu. Nikamuuliza, siku zile nilipokuwa Tingi mwanzoni, Baba alirudi akasema nini? Nikamsikia akivuta kigoda, akakaa.

"Alirudi amenuna," akasema. "Alikuwa amepeleka habari ya msiba huko mbele, na aliniaga kwamba akirudi atapitia kwa mama yako mdogo akuchukue. Akarudi peke yake. Akasema, shemeji nimemsalimia njiani, kanyamaza kama ukuta, ina maana kule wamekasirika na mimi kwa sababu ya ile ndoa, na wana haki. Nikamwambia nenda hivyo hivyo. Akasema, nitapigaje hodi kwa mtu asiyeitikia salamu yangu?"

"Mama," nikasema, "aliyenyamaza nilikuwa mimi."

Nikasikia kigoda kikilia, ameinuka.

"Subhanallah," akasema. "Na hukuitikia kwa nini, mwanangu?"

Ndiyo hivyo, Baba. Nimekushitaki miaka yote hii kwa kosa la macho, na macho yako yalikuwa na udhuru. Masikio yako yalikuwa mazima. Ulipunguza mwendo, ukauliza "hamjambo huko nyumbani," na ndani ya nyumba hiyo uliyokuwa unaiulizia nilikuwamo mimi. Ulikuwa unaniulizia mimi kwangu mimi. Mtoto ndiye anayetangulia kumsalimia mzazi, hata mtoto wa juzi analijua hilo, na mimi nilisimama nikingoja wewe uanze. Ulipoanza, nikanyamaza. Neno moja tu lingetosha, maana sauti yangu ungeijua hata ningevaa viatu vya nani.

Siku hizi mtu akipita hapa amelala juu ya baiskeli, mwenye mkaa au mwenye mbio zake, simngoji aniinulie uso. Naanza mimi, kwa sauti, na jina langu nalitaja. Wengine wanadhani nautafutia wali wangu wateja. Waache wadhani.

Nimekuahidi salamu mwisho, na hapa ndipo mwisho. Naomba upunguze mwendo kama ulivyopunguza siku ile. Usihangaike kuinua shingo.

Shikamoo, Baba. Ni mimi. Viatu tu ndivyo vya mama mdogo.

Binti yako,
Somoe