Nusu Fainali Niliyomsimulia Baba

Al Wukair, Doha
Jumamosi, 16 Mei

Kaka Kioko mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na bibi yetu Susu pia, na kwamba goti lake limetulia sasa mvua zimekatika. Mwambie dawa ya kuchua aliyoagiza, mama ameipata, na anayekuja nayo ni huyo huyo aliyekukabidhi barua hii, Nahashon, mwenzake baba kazini, anayekuja likizo. Sisi hatujambo. Mama yuko zamu ya mchana kliniki, baba bado analinda lile jengo refu usiku, na mimi nasubiri majibu ya chuo huku nikijifunza kupika wali usioshikana. Bado ni yule yule. Nikitumwa baqala, duka dogo la hapo chini, nachungulia kwanza. Nikiona watu zaidi ya wawili ndani, nazunguka jengo mpaka watoke.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati tunatumiana sauti kila wiki. Ni kwa sababu nina jambo la kukuambia, na kwenye simu ungenikatiza kwa mzaha nami ningelimeza. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Nivumilie.

Unakumbuka mwezi wa Januari nilikuomba uwe unanirekodia unapotangaza mechi za Ligi ya Mabingwa Ulaya hapo kwenye ukumbi wa video mjini Wote. Nilikuambia nataka tu kusikia kelele za nyumbani. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni baba.

Nilipofika hapa Desemba baada ya mtihani, baba nilimjua kama mtu anayekuja na sanduku kila baada ya miaka miwili, anakaa wiki nne, anatuuliza kuhusu masomo, anaondoka. Tulianza kuishi nyumba moja bila kujua tuzungumze nini. Anatoka kazini saa moja asubuhi, mama ameshaondoka, tunabaki wawili na chupa ya chai. Ananiuliza kama nimelala vizuri, namjibu ndiyo. Namuuliza kama kazi ilikuwa nzuri, ananijibu ndiyo. Basi, tunasikiliza kiyoyozi.

Siku moja alilalamika kwamba kazini simu zinaachwa kwa msimamizi, kwa hiyo mechi zote za timu yake zinampita. Unaijua timu yenyewe, ile ya jezi nyekundu mliyoipenda wewe na yeye kabla sijazaliwa. Siitaji jina kwa sababu mama anasema ikitajwa kwenye barua inapata nuksi. Alisema kibaya zaidi ni kuambiwa matokeo matupu, maana mbili bila haikuonyeshi mtu alivyokimbia. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikamwambia nitamtazamia na kumsimulia. Alinitazama kama niliyesema nitarusha ndege.

Kaka, mimi mpira siujui. Kwa hiyo nilikuomba sauti zako. Kila baada ya mechi nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri, naweka kisikizio sikioni, nakuandika neno kwa neno kwenye kurasa zilizobaki za daftari langu la Kiswahili, naacha tu matusi ya wale vijana wa nyuma. Baba akirudi, namsomea kana kwamba ni maneno yangu. Kwenye basi la kampuni alikuwa anakaa mbele kabisa na dereva, Mpakistani anayependa kriketi tu, ili asisikie matokeo. Anafika, ananawa, anakaa, anasema, "Haya, mtangazaji."

Nikaanza na ile mechi ya Januari. Niliposoma ulivyosema kwamba winga wetu anakokota mpira kama mtu anayepeleka ndama mnadani, hana haraka, anajua bei yake, baba alitabasamu. Niliposoma kwamba kipa wao ameruka kama aliyekanyaga siafu, alicheka mpaka chai ikammwagikia kwenye sare. Sikuwa nimewahi kumchekesha baba. Nataka ulikumbuke hilo utakapofika mbele ya barua.

Msimu ukaenda hivyo. Machi, wakati wa Ramadhani, tukatoka suluhu ugenini kwenye kumi na sita bora, kisha tukashinda mbili nyumbani. Aprili tukashinda robo fainali mara zote mbili. Mwisho wa Aprili tukawapiga tatu kwa moja kwenye nusu fainali ya kwanza, na baba akaniomba nirudie bao la tatu akiwa amesimama. Alianza kuwasimulia wenzake kazini kwamba ana binti anayetangaza mpira kuliko redio. Nahashon alimwambia, usitudanganye, mzee, binti mwenyewe tukimsalimia anajificha nyuma ya mlango.

Halafu ikaja nusu fainali ya pili, ule usiku transfoma ya sokoni ilipolipuka kwenu. Alfajiri nikaamka, nikakuta hakuna sauti. Nikakupigia, hupatikani. Nikatafuta mechi yenyewe kwenye simu ya mama, nikaitazama yote peke yangu, kwa mara ya kwanza. Tulifungwa bao moja bila. Nilingoja mpaka mwisho nikiomba tusawazishe, na refa alipopuliza nikazima simu papo hapo kwa sababu nilikuwa nalia.

Najua umeshacheka. Cheka tu. Lakini hakuna aliyewahi kunieleza. Wewe unapotangaza, watu wa ukumbini wanajua, huwaelezi. Mimi nilidhani ile mechi ya kwanza ni kama mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne, na ya pili ndiyo mtihani wenyewe. Katika raundi zote ile ya pili tulikuwa tumeshinda, kwa hiyo sikuwahi kukosolewa. Sikujua kwamba mabao ya mechi zote mbili yanajumlishwa.

Baba alipoingia na kusema, "Haya, mtangazaji," nilimwambia tumetolewa. Sikuwa na ndama wala siafu. Nilisema tu kwamba wamefunga, sisi hatukufunga, tumetolewa, pole baba. Akashusha kikombe. Akauliza walitufunga ngapi mpaka tukatolewa, lakini nilikuwa nimeshaanza kulia tena, akaniacha. Akanishika kichwa, akasema mpira ndio huo, akaenda kulala bila kula. Simu yake hakuigusa siku nzima. Alisema hataki kuona wapinzani wakisherehekea.

Jioni akapanda basi na huzuni yake. Nahashon, ambaye timu yake ilitolewa tangu Februari, akasimama katikati ya basi akampigia saluti na kumwita Mzee wa Fainali. Baba akadhani anadhihakiwa. Akamwambia mtu mwenye adabu hamcheki mfiwa. Nahashon akamuuliza nani amekufa. Baba akamwambia akae chini kabla hajamkalisha yeye. Mtu wa nyuma akauliza huyu mzee anaishi nchi gani, timu yake iko fainali kwa tatu kwa mbili na yeye anakaa matanga. Nahashon anasema walicheka mpaka dereva wa kriketi akauliza nini kimetokea.

Baba hakucheka. Zamu nzima, aliniambia baadaye, alikuwa akizunguka jengo akifikiri. Mtu aliyeona jinsi kiungo anavyoinua kichwa kabla ya kutoa pasi, atakosaje kujua jumla ya mabao?

Asubuhi hakusema lile neno lake la mtangazaji. Alikaa, akanivutia kiti, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bella, nani amekuwa akinisimulia?"

Nikamletea simu. Sikuweza kusema jina lako, nikabonyeza tu ile sauti ya Januari. Baba aliisikiliza akiwa amesimama, na viatu miguuni, juu ya zulia la mama. Wewe ukaanza na salamu zako kwa waliokalia madirisha. Ikafika ile sehemu ya kipa na siafu, watu wakapiga kelele. Hapo akaniuliza hao ni wangapi. Nikamwambia ulisema ukumbi unajaa mpaka mlangoni, na kwamba wanakuomba uzime sauti ya Kiingereza. Akasema nirudishe nyuma kidogo. Nikarudisha. Akasema tena nirudishe. Nilidhani anataka kukusikia wewe, lakini alikuwa anawasikiliza wao. Mara ya nne akasema, "Wanamngoja aseme." Basi, hicho tu. Akavua viatu, akaenda kulala.

Tangu siku hiyo anasikiliza mechi moja kila asubuhi, kwa mpangilio, kana kwamba hajui matokeo. Mama anasema yeye alijua tangu zamani, maana ni lini mimi nilianza kusema krosi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kaka, miaka miwili hii mmenyamaziana, tangu ulipoacha chuo cha ualimu ukashika kipaza sauti, naye akakuambia kwamba mwanamume hali maneno, usimpigie mpaka upate kazi. Wewe ulikuwa unaniuliza kila mara kama huwa anakutaja, nami nikakujibu hapana. Si kweli. Machi, baada ya ile mechi tuliyoshinda mbili, baba alikoroga chai muda mrefu, kisha akaniuliza kama wewe bado unatangaza mpira, na kama unatangaza vizuri. Daftari lilikuwa wazi mbele yangu, limejaa maneno yako. Nikamwambia sijui, hatuzungumzi sana.

Sikukusudia ubaya. Nilihesabu haraka haraka kwamba akijua ni wewe atakupigia wewe, na mimi nitarudi kwenye kulala vizuri na kazi nzuri. Nilikuwa na baba kwa miezi mitatu tu, tena kwa maneno ya kuazima. Nikafunga mlango aliokuwa anaufungua. Kama umeme usingekatika Wote, sijui ningeufungua lini. Miaka ile miwili mliyonyamaziana ni ya kwenu wenyewe, lakini wiki zile tangu Machi ni zangu. Baba nimeshamwambia. Alisema ana makosa yake makubwa kuliko langu. Wewe sijui utasema nini, na unayo haki ya kusema lolote.

Juzi baba aliniomba nimwandikie kwako. Alisema nina maneno mazuri kuliko yake, nimwombee radhi kwa ile lugha ninayoijua, aweke sahihi tu. Nikamkatalia. Hii ni mara ya kwanza maishani mwangu kumkatalia. Nilimwambia nimeshabeba maneno ya mtu mmoja mpaka kwa mwingine mara nyingi, na ona nilikowafikisha. Nikampa kalamu na ukurasa kutoka kwenye daftari langu.

Alikaa nao mezani tangu saa nane mpaka basi lilipopiga honi. Alifuta, akaandika, akaniuliza kama msamaha una m mbili au tatu, nikamwambia aandike tu, utaelewa. Karatasi yake ndiyo hiyo iliyokunjwa mara nne ndani ya bahasha hii. Sijaifungua. Naona wino umepita upande wa pili, kwa hiyo alikandamiza kalamu, lakini sijasoma hata neno.

Mpe Susu salamu zangu na umfunge goti vizuri. Wasalimie wa ukumbini, hata wale vijana wa nyuma. Mama anakusalimu, anasema ule. Fainali ni tarehe thelathini, nami nitaitazama, ila safari hii sitamsimulia mtu.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Bella