Maneno ya Mgombea Niliyomficha Bibi

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi Koraip
Tarehe: Jumatano, 10 Agosti 2022. Yameanza kuandikwa saa 3:20 asubuhi.
Jina: Delma Rop. Umri: miaka 17. Kazi: mwanafunzi, darasa la kumi na moja.
Makazi: Pukamil, kwa bibi yake mzaa baba.
Lugha: Kimelpa (lugha ya nyumbani) na Kiingereza cha shule.
Mbele ya: Konstebo Hane Vagi.

Naitwa Delma Rop. Naishi na bibi yangu, Mande Kuri, ambaye tangu jana mchana yuko mahabusu katika kituo hiki akituhumiwa kuiba nguruwe wawili. Afande Hane ameniuliza kwa mdomo mara tatu nikashindwa kujibu. Akanipa karatasi akasema, "Basi andika." Kuandika naweza.

Bibi yangu si mwizi. Kama kuna aliyekosa ni mimi, na kosa lenyewe nililifanya miezi mitano na nusu iliyopita, mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima, na hakuna aliyeliona.

Mnamo mwezi Februari mwaka huu baba yangu mdogo, Kont, alipita nyumba kwa nyumba pale Pukamil akihimiza watu wamchangie Leonard Koi, aliyekuwa anajiandaa kugombea ubunge. Leonard ni mhandisi. Baba yake ni mtu wa Tengeri, ng'ambo ya mto, lakini yeye amezaliwa Mosbi, mji mkuu, na kukulia huko, na Kimelpa hajui zaidi ya salamu. Tarehe 23 Februari, kama saa kumi jioni, baba mdogo alifika kwetu. Palikuwa na majirani wamekaa uani wakimenya viazi vitamu.

"Kila nyumba itoe," alisema. "Wagombea wengine wana wenye maduka nyuma yao. Huyu ana nani?"

Bibi akasema, "Ana mimi."

"Wewe, mama? Utampa nini, viazi? Aende navyo bungeni kwenye begi?"

Watu walicheka. Bibi naye alicheka, tena kuliko wote. Kisha akasema, "Nitampa Ropa."

Hakuna aliyecheka tena. Ropa ndiye nguruwe jike pekee tuliyekuwa naye, na alikuwa na mimba kubwa. Bibi alimlea tangu ana wiki moja, mama yake alipokufa. Alikuwa akimtafunia viazi na kumtilia mdomoni kwa kidole. Mimi mwenyewe nililishwa hivyohivyo, kwa hiyo nilikuwa nikitaniwa kwamba Ropa ni dada yangu.

Kesho yake tukiwa shambani nilimuuliza, "Bibi, kwa nini watu kama sisi tumpe mtu kama yule? Yule ana gari."

Akasema, "Ndiyo maana. Akilishwa na wenye maduka atakuwa wa wenye maduka. Akimpokea Ropa atakuwa wetu. Hatatukuta barabarani akapandisha kioo."

"Na akishindwa?"

"Akishindwa bado ameshika kamba."

Afande ni mtu wa pwani, kwa hiyo naeleza. Kwetu nguruwe anayetolewa uwanjani hapotei. Anayeishika kamba ya nguruwe kwa mkono wake mwenyewe amekubali mbele ya watu kwamba siku moja atamrudisha, na juu yake ataongeza. Haandiki popote. Asiyetaka jambo hilo haigusi kamba.

Mnamo Jumamosi tarehe 26 Februari, kama saa nne asubuhi, Leonard Koi alifika uwanja wa sherehe wa Pukamil. Vigingi vilikuwa vimepigwa kwa mstari na nguruwe kumi na mmoja wamefungwa. Baba mdogo Kont alikuwa akitaja jina la mtoaji kwa sauti kubwa, na kila jina likitajwa watu wanaitikia. Ilipofika zamu ya Bibi, ya mwisho, aliifungua kamba ya Ropa mwenyewe, akamsogelea Leonard. Wanaume waliotoa kabla yake waliongea na Leonard kwa Kipisini, lugha ya mjini na sokoni. Bibi hajui Kipisini. Baba mdogo akaangaza macho akaniona nyuma ya wanawake.

"Delma! Njoo hapa. Ada tumelipia ya nini? Njoo utafsiri."

Nilikuwa sijawahi kusimama katikati ya uwanja ule. Shuleni nikiitwa ubaoni natokwa jasho mikononi. Nilikwenda nikiangalia chini, na nikawa naona miguu tu: miguu ya Bibi ina tope, na viatu vya Leonard vina tope pia, lakini jipya.

Leonard aliinama kidogo, akazungumza nami kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini ili asimwaibishe Bibi. Maneno yake nayakumbuka neno kwa neno, maana nimeyarudia kichwani kila siku tangu wakati huo. Alisema: "Mwambie mama namshukuru sana. Lakini simtaki nguruwe wake. Mjane hapaswi kugharimia uchaguzi wa mtu mwenye mshahara. Akinipa, sina la kumrudishia, nikishinda au nikishindwa. Sheria hainiruhusu hata kumwahidi. Amrudishe nyumbani. Akitaka kunisaidia anipe kura yake, inatosha."

Bibi akaniuliza, "Anasemaje?"

Watu wote walikuwa wanasikiliza. Baba mdogo alikuwa anatabasamu. Nilifikiria jinsi ambavyo ningelazimika kusema kwa sauti, kwa Kimelpa, kwamba nguruwe wa bibi yangu amekataliwa, na wenzake kumi wamekubaliwa. Nilifikiria Bibi akimrudisha Ropa nyumbani watu wakimtazama. Pia yalikuwa maneno mengi.

Nikasema, "Anasema amempokea kwa mikono miwili, na hatakusahau."

Nilisema hivyo tu.

Bibi alitoa machozi. Akamnyooshea Leonard kamba. Leonard akaniangalia mimi, akauliza kwa Kiingereza, "Umemwambia yote?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Akaniuliza tena, "Na bado anataka kunipa?"

Nikatikisa tena.

Akasema, "Basi nitakuwa mtu wa ajabu nikikataa mara mbili." Akaishika kamba. Watu wakapiga kelele za furaha. Kwa hiyo, afande, mimi niliwadanganya wawili kwa mara moja. Yeye alidhani amepewa bure na mtu anayejua. Bibi alidhani amempa mtu aliyekubali.

Nguruwe wale wengine wote walichinjwa wakati wa kampeni wakaliwa. Ropa hakuchinjwa. Nilisikia Leonard alikataza. Alizaa watoto sita huko Tengeri katikati ya mwezi Machi. Habari hizo zilipotufikia Bibi alisema, "Unaona? Anatuwekea."

Wakati huo ningeweza kusema. Sikusema.

Tulipiga kura mwezi Julai. Matokeo yalitangazwa tarehe 1 Agosti, siku ya Jumatatu, na Leonard alishindwa. Tarehe 3 alirudi Mosbi, akamwacha Ropa kwao Tengeri. Bibi alifagia uwanja wa nyumba siku tatu mfululizo akingoja ugeni wa kuleta nguruwe. Hakuja mtu. Siku ya nne aliacha kufagia.

Jana, Jumanne tarehe 9, saa mbili asubuhi, alichukua kamba mbili, akaniambia, "Twende Tengeri. Pengine ana aibu ya kushindwa. Tutamwondolea safari." Nilimwambia, "Bibi, tusiende." Akaniuliza kwa nini. Nikasema mto umejaa. Mto haukuwa umejaa.

Tulifika nyumbani kwa kina Leonard kama saa nne. Bandani hapakuwa na mtu. Bibi aliita mara mbili kama mgeni anavyoita. Ropa alipoisikia sauti yake alikuja mbio mpaka kwenye ua, akawa anamnusa vidole. Bibi alimfunga kamba mguuni, kisha akachagua mtoto mmoja, jike, wala si yule mkubwa. Akasema, "Mmoja wangu, mmoja wa juu. Wengine watano ni wake. Sisi si walafi." Akanipa kamba ya yule mtoto niishike. Niliishika.

Tulikuwa tumefika barabarani wakati kaka yake Leonard, Parua Koi, alipotokea na vijana wanne.

"We bibi! Mwizi! Mmekula mchele wetu, kura mkampa mwingine, leo mnarudia nguruwe?"

Bibi akasema kwa Kimelpa, "Mwanangu, mimi simwibii mtu niliyemlisha. Ndugu yako alishika kamba yangu."

Parua anajua Kimelpa, alimwelewa vizuri. Akajibu, "Ndugu yangu alikuambia uwanjani harudishi kitu! Aliniambia mwenyewe jioni ile. Au hukutafsiriwa?"

Bibi aligeuka akaniangalia. Hakuwa na wasiwasi wowote. Akasema, "Muulize mtoto. Mtoto ndiye aliyesikia."

Wote wakaniangalia. Nikaangalia miguu yao. Nilikuwa nimeshika kamba na yule nguruwe mdogo alikuwa ananivuta.

Gari la polisi lilikuwa linatoka sokoni, Parua akalisimamisha. Nguruwe wote wawili walirudishwa bandani. Bibi alipandishwa nyuma ya gari. Hakupinga. Aliniambia tu, "Wafungie kuku," kana kwamba anarudi jioni.

Leo nimetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kwa miguu. Sijui kama ni vizuri watu wa kawaida kuwachangia wanasiasa. Nimeyasikia maneno ya Bibi na nimeyasikia ya Leonard, na yote mawili yaliniingia. Ila nilikuwa mtu pekee pale uwanjani niliyeyasikia yote mawili, na sikumpa yeyote kati yao nafasi ya kuyasikia ya mwenzake.

Afande ameniambia askari wa hapa anayejua Kimelpa amepelekwa kulinda amani mahali pengine. Naomba kabla sijatia sahihi Bibi asomewe haya. Nitamsomea mimi. Sitaruka neno.

Sina lingine la kueleza. Niliyoandika hapa nimeyaona kwa macho yangu na kuyafanya mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu.

Sahihi: D. Rop
Saa 5:40 asubuhi

MAELEZO YA ASKARI

Saa 5:05 nilimpeleka shahidi mahabusu. Alisoma kwa Kimelpa. Alianza kwa sauti ndogo, nikamwambia apaze, akapaza. Alikatiza kusoma mara mbili. Bibi Mande Kuri alikuwa ameketi akiutazama ukuta mpaka mwisho.

Alipomaliza, bibi alisema maneno machache. Nilimwuliza shahidi anasemaje. Shahidi alitafsiri: "Anasema nguruwe wabaki Tengeri. Mtu yule alimwambia kweli, kwa hiyo hamdai."

Bibi akasema tena. Shahidi alianza kutafsiri akaacha. Nilimwambia kwamba mambo ya kifamilia si lazima niyaandike. Akasema, "Hapana, afande, andika. Anasema angejua angempa Ropa hata hivyo, kwa sababu hajawahi kuona mwanasiasa anayekataa nguruwe. Lakini angempa yeye mwenyewe. Anasema siku ile aliyemtoa Ropa ni mimi, sio yeye."

Nilimpigia simu Bw. Leonard Koi, Mosbi, saa 5:25. Alithibitisha maneno aliyomwambia shahidi tarehe 26 Februari kama yalivyoandikwa. Akasema hana malalamiko na atazungumza na ndugu yake. Shahidi alitia sahihi mbele yangu. Sikufungua shauri.

Saa 6:10 nilimrudishia Bibi Mande Kuri mali yake: mfuko mmoja wa kusuka, kisu kimoja kidogo, kamba mbili za nguruwe. Mkanda wa mfuko aliuvaa kichwani, mfuko ukaning'inia mgongoni. Kisu alikitia mfukoni humo. Kamba zote mbili alimnyooshea shahidi.

Shahidi alizishika.

Konstebo H. Vagi