Mikono ya Nyanjura

Mjukuu wangu Nyangeta,

Hapa Nyakato tunaendelea, ila babu yako miguu bado inamsumbua. Mama yako yuko Kiriba anang'oa mihogo.

Umeniuliza kama ni sawa, kwenye utafiti wako wa chuo, kuwafundisha watoto viziwi kusema kwa mdomo bila ishara. Mdogo wangu Nyanjura, ambaye hukumkuta, alikuwa kiziwi. Nyumbani tulikuwaga tunaongea naye kwa mikono kutwa. Alipoanza shule, mwalimu akawa anamfunga mikono kwa kitambaa ili ajifunze kusema.

"Atazoea," mwalimu alimwambia baba.

Hakuwa mtu mbaya, ndivyo alivyofundishwa. Nyanjura akajua kusema "maji" na "mama". Lakini ishara aliziacha kabisa, hata kwetu.

Mwaka uleule akaugua. Nilimuuliza kwa mikono ni wapi panauma. Akanitazama, akaificha mikono yake chini ya shuka, akasema, "Mama." Hatukujua ni wapi mpaka tukamzika.

Mambo ya utafiti siyajui. Ila ukishapima maneno waliyoyapata hao watoto, waulize na wazazi kama mtoto bado anawaambia kitu akirudi nyumbani.

Nakuombea,
Bibi yako