Tikiti Limekuwa Tamu

Kituo cha Mbegu,
Nyumba ya Mtunza Bustani,
S.L.P. 41.

9 Machi

Mpendwa Dada,

Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji na wapwa wangu wote. Mgongo unaendeleaje? Uliponiambia cherehani imekukunja kama ndoana nilicheka. Samahani, sasa wangu nao umeanza, na hapa nyumbani hakuna anayenionea huruma. Wifi yako hajambo. Kibonge ametimiza mwaka mmoja na nusu, anakula kila kisichokimbia. Baba yupo. Habari zake nitakupa mbele.

Najua umeshtuka kuona karatasi badala ya simu. Jambo hili nisingeweza kulisema huku nakusikia unapumua. Dada, nimeyapoteza matikiti pori.

Ndiyo, yaleyale mliyoyaokota wewe na Baba kule bondeni ulipokuwa na miaka tisa. Madogo kama ngumi ya mtoto, nyama nyeupe, machungu kuliko dawa. Chupa yake bado ina karatasi yenye mwandiko wako.

Watoto wa shule wakija hapa huwa nawaonyesha mababu wa vyakula vyao. Karoti pori wanaiita mkia wa panya. Ndizi pori imejaa mbegu ngumu kama changarawe. Mmoja aliing'ata kwa pupa, akaondoka ameshika shavu. Huwa nawaeleza kwamba watu wa kale walichagua: tunda kubwa wakahifadhi mbegu zake, dogo wakalitupa, mwaka baada ya mwaka, mpaka likawa hili la sokoni. Naeleza kwa kujidai kana kwamba nilikuwepo. Kisha nawaambia kazi yetu sisi ni kinyume chake, yaani kutochagua. Ndivyo Baba alivyonifundisha siku aliponikabidhi funguo: chukua mbegu chache katika kila tunda, zuri na baya sawasawa.

Sasa sikiliza nilichofanya. Wifi yako alipokuwa na mimba ya Kibonge, alitamani tikiti asubuhi, mchana na jioni. Nikamwoteshea mashina matatu ya matikiti matamu nyuma ya ghala. Wavu unaokinga kitalu cha pori ulikuwa na tundu, nikasema nitalishona kesho. Unanijua mimi na kesho. Nyuki hawakungoja, wakavusha chavua ya yale matamu hadi kwenye maua ya pori.

Mwaka ule matunda hayakubadilika, kwa hiyo sikujua kitu. Mwaka uliofuata nilipanda mbegu zake, yakaja makubwa, mengine karibu kama kichwa cha Kibonge. Nilionja moja, chungu vilevile. Dada, nilifurahi! Nilidhani ni samadi yangu. Nikachukua mbegu za yale makubwa tu, madogo nikawatupia mbuzi wa jirani. Friji letu ni dogo, na desturi ni mbegu mpya ikiingia ya zamani inatoka. Nikaimwaga ya zamani, chupa nikaisuuza. Mchagua nazi hupata koroma.

Mwezi uliopita nilipasua tunda la kwanza la msimu huu. Ndani lilikuwa na rangi ya waridi.

Wiki mbili baadaye bibi mtafiti wa kituo kikuu alileta barua. Mnyauko unaua matikiti ya wakulima, mizizi inaoza kabla shina halijatambaa. Alisoma katika daftari la Baba kwamba yale ya pori hayaozi mizizi, akaomba mbegu mia mbili. Nilimpeleka kitaluni, nikamweleza yote. Hakunifokea. Alifunga daftari taratibu akaniuliza, "Hakuna kwingine?" Nikamwambia hakuna.

Maana nilishatafuta. Nilikwenda bondeni kwa miguu. Pamesakafiwa, ni yadi ya malori; mlinzi alidhani nimekuja kuomba kazi. Kwenye droo ya Baba nilipata bahasha yenye mbegu kumi na moja. Nikazilaza kwenye kitambaa chenye maji, nikawa nazitazama kila asubuhi kama mtu mwenye mgonjwa. Siku ya tisa zilianza kunuka. Ningeweza kukudanganya kwamba labda mahali fulani lipo shina moja, lakini sioni.

Ilibaki kumwambia Baba. Hujamwona tangu kiharusi kile cha pili kilichomfutia kumbukumbu nyingi, kwa hiyo acha nikueleze. Kila mavuno lazima apelekewe kipande. Hukitafuna, hukunja uso, hukitema kwenye kikombe na kusema, "Bado ni lenyewe." Basi. Hata mwaka jana alisema hivyo, nami nikamwamini.

Juzi nilimpelekea. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na nakuapia niliyataka. Alitafuna polepole, akameza. Maji yakamchuruzika kidevuni. Akasema, "Tamu hili. Lete kingine." Nikaleta. Alikula tikiti zima huku nimemshikia sahani.

Kisha akaniuliza, "Nani kalipanda?"

"Mimi, Baba."

"Hongera, mwanangu. Umelima."

Miaka kumi na minne nimefanya kazi ile mbele ya macho yake, na hajawahi kunisifu. Nilitoka nje nikalia nyuma ya ghala, pale pale palipokuwa na yale mashina matatu. Usiniandikie maneno ya kunifariji, Dada, sitayaweza.

Msalimie shemeji, na wale pacha wako waambie mjomba anawakumbuka. Wifi yako anakusalimu sana. Mungu akupe afya, akunyooshe mgongo, na huko uliko usipungukiwe na watu wema. Baba hakutaja jina lako wiki hii, lakini anakula vizuri. Kila asubuhi anauliza kama lile tamu limebaki.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
mdogo wako,
Kidole