Nimekausha Bwawa la Watu

Mdogo wangu Kadia,

Mwakeye. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, na Mama naye kifua kinamwachia apumue, ingawa vumbi la kiangazi limeanza. Goti lake je? Sisi huku Kanada hatujambo. Tumbo la Yoranda, wifi yako, limeshakuwa kubwa, na hasira zimekua nalo. Jana alinifukuza jikoni kwa sababu eti ninapumua kwa sauti. Ndiyo maana naandikia kwenye ngazi.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Nakujua. Ningepiga, ungekata kabla sijafika katikati, halafu ungezima kabisa mpaka Jumapili. Karatasi haikatiki. Nimempa mama mmoja wa Kasulu anayekuja kuwaona wazazi wake, akifika atakutumia huko Murungu. Najua macho yako yanatafuta jambo moja tu: kama mwezi wa saba kaka yako atakuwepo kukutoa mlangoni siku ya harusi. Niache nikusimulie kwanza, maana ukisoma jibu bila kisa utanihukumu vibaya.

Nilikuambia niliacha kiwanda cha nyama, kwa sababu vidole vilikuwa vinakufa ganzi kwenye yale majokofu. Sasa nafanya kazi na mzee mmoja Mreno, Bwana Tonio, ya kufungua mabwawa ya kuogelea. Utauliza bwawa linafungwaje. Huku theluji ikikaribia, watu wanalifunika bwawa la uani kwa turubai, linalala hivyo na maji yake hadi baridi iishe. Mwezi wa tano tunapita nyumba kwa nyumba. Tunavuta kwa pampu maji ya theluji na majani yaliyokaa juu ya turubai, tunalivua, tunaongeza maji yaliyopungua, tunatia dawa na kuwasha mashine ya kuchuja. Basi, watu wanaogelea. Mimi mwenyewe kuogelea sijui, na Bwana Tonio hajawahi kuniuliza.

Nilikuwa bado mgeni wa kazi tulipofika kwa mama mmoja mtu mzima, anayeishi peke yake. Bwana Tonio akasema, "Toa maji ya juu, vua turubai, unisubiri," akaenda nyumba nyingine kurekebisha mashine iliyoharibika. Nikafanya alivyosema. Lakini nilipovua turubai, Kadia, ungeyaona yale maji. Kijani kama mboga ya sombe iliyolala, na chura amekufa anaelea kifudifudi. Nikajiuliza, kweli watu wataingia humu kwa kutiwa dawa tu?

Kichwa changu kikarudi Murungu. Unajua tunavyosafisha kisima cha bondeni. Kitongoji kizima tunashuka na ndoo, tunateka mpaka chini kabisa, tunazoa tope, tunasugua mawe, halafu tunakaa pembeni kusubiri maji mapya yachipuke. Nikawaona Wazungu hawa ni wavivu kidogo. Nikazamisha pampu zote mbili, nikamwaga maji yote. Nilitaka Bwana Tonio akirudi akute kazi ya mtu aliyelelewa.

Chini kuna plastiki nene ya buluu, imetandikwa shimo zima, sakafu na kuta. Nikashuka nikaanza kuisugua kwa brashi. Nikiwa nasugua nikaona sakafu inanyanyuka, taratibu, kama chapati kwenye kikaango. Nikaikanyaga, ikabonyea, na chini yake nikasikia maji. Mwenzako nilifurahi. Nikasema kumbe na huku zipo, chemchemi ndiyo hiyo inakuja. Nikapanda juu, nikakaa ukingoni, nikafungua viazi vyangu nikala, huku nasubiri maji yatokeze.

Hivyo ndivyo Bwana Tonio alivyonikuta. Akatazama shimo, akanitazama mimi na viazi vyangu.

"Nani amekuambia umwage?"

"Hakuna, bosi. Kwetu kisima tunakisafisha hivi."

"Na maji mengine mnayapata wapi?"

"Yanakuja yenyewe." Nikamwonyesha ule uvimbe. "Si hayo hapo."

Akavua kofia, akakaa karibu nami. Hakupiga kelele, na tangu siku hiyo nawaogopa watu wasiopiga kelele. Akanieleza polepole kwamba theluji ikiyeyuka, ardhi yote inajaa maji, na uzito wa maji ya bwawa ndio unaoikandamiza plastiki isinyanyuke. Uzito huo ndio niliokuwa nimeumwaga kwenye mtaro. Kabla hajamaliza, kona moja ikachanika na tope likaanza kuingia.

Mwenye nyumba alitoka na kikombe chake cha kahawa, akaangalia, akarudi ndani, akafunga pazia. Afadhali angenitukana.

Plastiki iliyochanika haizibwi. Inashonwa nyingine kwa vipimo vya shimo lile lile, na huko kiwandani wametuambia itafika wiki ile ile ya harusi yako. Bwana Tonio alijua nimeomba ruhusa. Kesho yake, tukiwa garini, aliniambia, "Filbert, sikufukuzi. Ulikosea kwa kujituma. Lakini plastiki hii tunaitandika wawili, wewe na mimi, na ikifika haingoji, yule mama nimemwahidi. Ukienda kwenu wiki hiyo, nitatafuta mtu mwingine, na huyo ndiye atakayebaki."

Nikampelekea wifi yako habari. Akasema, "Nenda ukamtoe dada yako. Mimi nitajifungua na majirani." Unajua sauti ya mwanamke anaposema nenda. Halafu usiku akanishika mkono, akasema kweli niende, tutaishi tu. Lakini mimi nimekwisha kuishi bila kazi katika nchi hii, Kadia, na wakati huo hatukuwa na mtoto.

Sitakuja. Nimeandika neno hilo nikalifuta, nikaliandika tena. Baba angekuwa hai nisingeumia hivi, lakini baada ya Baba ni mimi, na wewe umeshamtangazia kila mtu kwamba kaka anatoka ng'ambo kuja kukutoa. Nililia bafuni, nikafungulia bomba ili Yoranda asisikie. Alisikia.

Unikasirikie, una haki. Ila usimkasirikie Mama, hakujua lolote, na usiahirishe siku kwa ajili yangu. Nimeongea na Baba mdogo wa Kasanda, atasimama mahali pangu. Ana sauti nzuri kuliko yangu, lakini hakujui kama ninavyokujua mimi. Kwa hiyo maneno ya kumwambia bwana harusi nimeyaandika mwenyewe hapa chini. Ayasome kama yalivyo, asichomeke methali zake.

Mwambie Mama namsalimu sana, nitampigia yeye akiwa peke yake. Msalimu shangazi yetu anayeuza mawese sokoni Kibondo, na katekista aliyetufundisha kusoma, na jirani yetu wa ng'ambo ya bonde anayetusaidia kuangalia mbuzi. Wifi yako anasema kitenge chako ameshakinunua, na kinakuja na huyu huyu mama wa Kasulu.

Maneno ya Baba mdogo kusoma ni haya:

"Shemeji yetu wa Muyama, huyu tunayekupa akikasirika hasemi. Ananyamaza, anafagia uwanja ambao umeshafagiwa. Usimuulize ana nini. Chukua ufagio mwingine ufagie naye, mkifika mwisho atasema mwenyewe. Haogopi kazi wala nyoka, anaogopa radi, basi mawingu yakikusanyika uwe nyumbani. Siku tuliyomzika Baba alikuwa mdogo, akalala mgongoni kwangu, mimi kaka yake, njia nzima kutoka makaburini. Nilimbeba mpaka nyumbani sikumwamsha. Na leo nilitakiwa nimshushe mimi."

Ni mimi, kaka yako,
Filbert