Kamba Nyekundu

Masjala, Ghorofa ya Pili,
Jumatano, 12 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza ukorofi na sasa unapanda ngazi bila kuziteta. Huku tu wazima wa mwili. Baba amepona kikohozi; Mama anasema alikuwa akikitunza ili asifue mapazia.

Barua yako nimeipata. Umeniandikia nipokee alichonitendea Mzee Tarishi, kwa kuwa ni neema, na neema haikataliwi. Nisamehe, Shangazi. Niliisoma mara tatu, na kila mara nilizidi kukasirika.

Mambo yalikuwa hivi. Hapa masjala majalada ya kuchomwa hufungwa kwa kamba nyekundu, na ya kutunzwa kwa nyeupe. Siku ile nyeupe iliisha. Nikayafunga majalada manane ya mirathi kwa nyekundu, nikijiambia nitaibadilisha baada ya chakula cha mchana. Nikasahau. Mzee akaona nyekundu, akayabeba hadi tanuri la uani kama alivyofanya miaka thelathini. Sasa wajane wanane hawana karatasi ya kuonyesha kuwa nyumba ni zao.

Mkuu alipouliza nani aliyafunga, mdomo wangu ulikauka. Mzee akadakia, "Nilifunga mimi." Papo hapo akasimamishwa kazi. Nilimfuata hadi getini, naye akacheka: "Wewe bado mbichi, mwanangu. Mimi nimeshaiva. Nikidondoka hakuna hasara."

Nani alimwambia hakuna hasara? Mkewe anasikia majirani wakimwita mumewe mzembe. Jumapili mchungaji alihubiri habari za msalaba, watu wakalia, na Mzee alikuwa benchi la nyuma, peke yake. Mimi nilimwaza yule mfungwa Baraba, aliyeachiliwa Bwana akafa mahali pake. Hakuna anayetuambia alikwenda wapi kesho yake. Alirudi kazini? Alikaa mezani akichonga penseli, kama mimi?

Ulinilea kwa neno hilo, Shangazi: kwamba pendo ni kujitoa, na imani isiyo nalo ni debe tupu. Bado naliamini. Nisingeliamini, nisingekasirika. Lakini ukiniambia nipokee ninyamaze, unanifundisha kula tunda na kuuacha mti ukatwe. Yesu alijitoa ili tupate kusimama, si ili tupate pa kujificha.

Woga wangu unaujua. Ndiyo maana hukuacha kuniita Kifaranga. Ungamo nikilitia mfukoni, litazeekea humo. Kwa hiyo leo asubuhi nimeliandika, nikaligonga mwenyewe mhuri wa kupokelewa na kuliingiza kwenye rejista, namba 417. Hapa kwetu barua iliyogongwa mhuri haiondolewi na yeyote, hata karani aliyeigonga. Iko kwenye trei ya Mkuu. Anarudi kutoka mkutanoni saa nane. Sasa ni saa saba na nusu, na mwandiko huu unauona ulivyo.

Nisalimie Bibi, na wale pacha, hasa yule anayejifanya hanikumbuki. Mungu akutunze wewe na goti lako. Ukiipata barua hii, saa nane itakuwa imeshapita, lakini piga goti hata hivyo. Yeye hafungwi na saa zetu. Usiniombee nisifukuzwe. Niombee Mkuu akiniuliza, mdomo usikauke tena.

Akupendaye hata akikasirika,
Kifaranga wako.