Gari Jekundu na Klachi Yake

Saa nne na dakika arobaini, shoga. Gari jekundu limezimika kwenye geti la yadi ya magari kwa mara ya tatu, na aliyeshika usukani ni shemeji yako.

Yule yule aliyelinganisha magari matatu madogo yenye kasi kwa jedwali la kurasa nne: mwendo, buti, raha ya dereva. Jekundu likashinda kwa kuwa ni la gia za mkono. "Otomatiki ni za wavivu," alisema. Miaka tisa sasa anaendesha otomatiki.

Nikasema tu kwamba lile jeupe lina buti kubwa na halina klachi. "Mke wangu, usiniharibie siku." Jekundu analitamani tangu kabla ya harusi.

Mara ya tatu, shoga. Getini. Muuzaji anatazama viatu vyake.

Ndipo mama mkwe, tuliyekuja naye apime kiti cha nyuma tu, akamgusa mwanawe bega. "Baba, hebu sogea." Si unakumbuka aliendesha gari la wagonjwa miaka ishirini na sita? Likaondoka kama maji. Dakika kumi na mbili, wakarudi.

"Kona linashika, breki zipo." Akakunja kigari cha mtoto, akakitia kwenye buti. Kikaenea, ikabaki nafasi ya vidole viwili. "Tunalichukua. Wewe nitakufundisha."

Saa tano na robo: limelipiwa. Mama yuko kwenye usukani, mimi kando yake. Shemeji yako yuko nyuma, katikati ya viti viwili vya watoto tulivyokuja navyo, jedwali mapajani, mkanda kafunga.